Radi bila mvua



Kwetu tulikotoka, iwe Kigoma, Uvira, Bujumbura au Mombasa, ngurumo ikisikika mama anakimbia kuanua nguo. Huulizi kama mvua itakuja, unauliza kama ndoo ziko nje. Hapa Arizona tumejifunza kitu kingine. Mwishoni mwa mwezi wa sita, jua likiwa limeichoma Phoenix siku nyingi kwa nyuzi 43 na zaidi, wingu jeusi linatanda upande wa milimani, linanguruma, na unaiona kabisa michirizi ya mvua ikining'inia chini yake. Hakuna tone linalofika.

Hewa ya chini ni kavu na ya moto mno, kwa hiyo mvua inageuka mvuke ingali angani. Ikigeuka mvuke inachukua joto la hewa. Hewa inapoa, inakuwa nzito, inaporomoka mpaka ardhini na kutawanyika kwa kasi kama dhoruba. Kumbe ile mvua uliyokuwa unaingojea ndiyo imeleta upepo. Juu radi, chini upepo, na katikati majani makavu.

Sasa kasome Surat Al-Ahqaf, kisa cha watu wa Adi. Waliliona wingu linayaelekea mabonde yao wakafurahi, wakahesabu ni mvua. Ulikuwa upepo wa adhabu. Na Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipoona wingu uso wake ulikuwa ukibadilika, na watu wengine wakifurahi. Alipomuuliza, akawataja watu hao. Hebu fikiri, ni nani mwenye tawakkul kumzidi yeye? Basi yule ndugu anayetuambia kwamba kufuatilia tahadhari za moto ni upungufu wa imani, sijui anaitoa wapi. Katika Surat Ar-Ra'd Mwenyezi Mungu ametaja kwamba anatuonyesha umeme tupate kuogopa na kutumaini. Vyote viwili kwa pamoja. Watu wa Adi walibaki na kimoja tu.

Lakini swali langu la leo ni jingine. Radi ikipiga, moto ukawaka, watu wakafa, nani ataulizwa?

Tarehe 28 Juni 2013 radi iliwasha moto karibu na mji mdogo wa Yarnell, kaskazini-magharibi mwa Phoenix. Vichaka vya pale vilikuwa havijaungua kwa zaidi ya miaka 40. Siku mbili baadaye ikaja dhoruba ya ngurumo, ikashusha upepo wake, na moto ukageuza mwelekeo. Wazima moto 19 wa kikosi kimoja walifia pale. Mmoja tu wa kikosi hicho alinusurika, kwa sababu alikuwa amewekwa mahali pengine kuangalia hali. Nyumba zaidi ya 100 ziliteketea.

Jibu liko mdomoni mwetu tayari: kadari. Na ni kweli, hakuna Muislamu anayelikataa. Ila angalia tunalitumia lini. Mara nyingi tunalisema pale tunapotaka mazungumzo yaishe.

Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mungu? Umar akajibu kwamba naam, anatoka kwenye kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Kisha akampa mfano wa bonde lenye pande mbili, upande mmoja una malisho na mwingine mkavu. Ukichunga huku ni kwa kadari, ukichunga kule ni kwa kadari. Mimi nausoma mfano huo hivi: kadari ipo pande zote, na mchungaji bado ataulizwa ngamia wake aliwapeleka upande gani.

Nirudi jangwani kwetu. Jangwa la Sonora kwa asili halikuwa na moto mkubwa mara kwa mara, kwa sababu mimea yake imekaa mbalimbali na kati yake ni udongo mtupu. Radi ikipiga dungusi mmoja, moto unakosa pa kwenda. Halafu, katika miaka ya 1930, watu wakaleta nyasi za bafeli kwa ajili ya malisho ya ng'ombe na kushika udongo. Unajua zimetoka wapi? Afrika! Ni wahamiaji kama sisi, na huko nyumbani ni chakula kizuri cha mifugo. Hapa zimejaza zile nafasi zilizokuwa wazi, zikikauka zinashika moto upesi, na moto unatembea sasa kutoka mmea hadi mmea. Ile midungusi mirefu ya sagwaro, ambayo inaweza kuishi miaka 150 na zaidi, haikuumbwa kustahimili moto. Waliozileta nyasi hizo walikuwa na nia njema, sina shaka. Nia njema ina malipo yake. Lakini kazi ya kung'oa imebaki, na kule Tucson wapo watu wa kujitolea wanaopanda vilimani kuzing'oa kwa mkono. Radi si yetu. Kilichoikuta chini, kwa sehemu kubwa, ni chetu.

Na joto vilevile. Joto ni la Mungu, tunasema. Mwaka 2023 katika kaunti yetu hii ya Maricopa vilihesabiwa vifo 645 vinavyohusiana na joto. Miongoni mwao walikuwamo watu wengi wasio na makazi, na wengine walikutwa ndani ya nyumba zao. Jua liliwaka juu yetu sote sawasawa, ila hatukufa sote sawasawa. Mzee anayeishi peke yake na kiyoyozi kibovu, je, kiyoyozi nacho tukiite kadari kisha tufunge mlango?

Sipendi kugeuza kila kitu kuwa mfano, lakini hili utanisamehe. Dakika kumi kabla ya futari mke anasema neno moja kuhusu chumvi, na nyumba nzima inawaka. Mume baadaye anasema, "Ni ile saumu, na yeye ndiye aliyeanza." Sawa, neno lilikuwa cheche. Hayo majani yalikauka tangu lini?

Mwaka huu Ramadhani imetukuta kabla ya joto. Usiku imamu anaposoma Surat Al-A'la kwenye witri, sikiliza pale Mola anapotajwa kuwa ndiye aliyetoa malisho, kisha akayafanya makavu meusi. Kisha asubuhi tazama nyuma ya nyumba yako. Majani yaliyoota msimu huu wa baridi bado ni mabichi, yanapendeza hata kuangalia, na udongo haujawa mgumu. Ukiyashika karibu na mizizi yanang'oka kwa mkono, tena bila jembe. Mwezi wa tano hayatatoka hivyo. Na ukimaliza kwako, yule mzee wa mlango wa tatu mgongo unamsumbua, hawezi kuinama.

Wallahu a'lam.