Kiapo na Wasioapa

Swali la iwapo dola ina haki ya kumtenga askari na ahali yake, na kwa muda gani, ni la kale kuliko utafiti wowote wa kijamii. Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 24, humsamehe vita kwa mwaka mzima mwanamume aliyeoa karibuni. Na masimulizi ya Kiislamu yanaeleza kwamba Khalifa Umar bin Khattab, alipomsikia usiku mke wa mpiganaji akilalamikia upweke, alimwuliza bintiye Hafsa mke aweza kustahimili hadi lini, kisha akauwekea utumishi ukomo ambao baadhi ya wapokezi husema ni miezi minne na wengine sita. Majemadari, ajabu, hawakuulizwa.

Mwanasosiolojia Reuben Hill, katika kitabu cha mwaka 1949 kuhusu familia za Iowa, Marekani, zilizotenganishwa na Vita Kuu ya Pili, alionyesha kwamba msongo, yaani shinikizo linaloelemea uwezo wa kaya kulihimili, hutegemea pia nyenzo ilizo nazo kaya na maana inayolipa tukio, na kwamba kurudi kwa baba kulikuwa mtihani kama kuondoka kwake, kwa kuwa nyumba ilikuwa imekwisha kujipanga bila yeye. Mtoto anayetaka ruhusa humpita baba sebuleni akamfuata mama jikoni, wala hakusudii kumvunjia heshima. Pauline Boss, aliyechunguza familia za marubani waliopotea Vietnam, alieleza upotevu usio na hakika, ambapo mtu hayupo kwa mwili ilhali mioyoni yupo, au yupo kwa mwili ilhali akili imebaki kwingine.

Kuhusu haki hiyo ya dola, hujibiwa kwamba askari wa hiari amejifunga mwenyewe kwa kiapo na mkewe alijua anaolewa na nani. Kwa mke hoja hiyo ina uzito kiasi. Kwa mtoto haina hata kidogo, kwani hakuapa wala hakuulizwa, na posho hailipi malezi aliyoyakosa. Mwaka 2007 zamu za jeshi la nchi kavu la Marekani huko Iraq na Afghanistan zilirefushwa kutoka miezi 12 hadi 15, kwa ahadi ya mwaka mmoja nyumbani baadaye, kana kwamba utoto unaweza kuahirishwa. Huenda kweli vita havikuweza kusubiri, lakini mzigo wa kulithibitisha hilo humwangukia anayetuma, na hauondolewi na saini ya askari.