Njia Ina Wenyewe



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba wake. Amma baad.

Ndugu zangu, ipo hadithi niliyoihifadhi nikiwa mwaka wa kwanza chuoni. Imo katika Sahih Muslim, imepokewa na Abu Huraira (R.A.). Mtume (S.A.W.) anawafundisha wasafiri kwamba wanapotua usiku kupumzika waepuke njia, kwa sababu usiku njia hupitiwa na wanyama na huwa makao ya wadudu na vitambaavyo. Niliisoma darasani kwetu baada ya Magharibi, kwa Kiarabu na tafsiri yake, na wenzangu wakaniambia mashallah. Mwezi mmoja baadaye nilipiga hema katikati ya njia.

Ilikuwa Julai 2016, siku chache baada ya Idi. Tulitoka Mtwara sisi sita: baba, mama, dada zangu wawili, mdogo wetu wa kiume wa miaka saba, na mimi. Tulivuka mto Ruvuma pale Kilambo, tukapita Quionga hadi Palma, kaskazini ya Cabo Delgado, kwa mjomba wake mama, ambaye sisi tunamwita babu. Baba alikuwa ameazima hema kwa rafiki yake, na wadogo zangu walitaka walale ufukweni. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulala hemani. Baba aliniteua amiri wa safari kwa kuwa, alisema, mimi ndiye msomi.

Babu alitupeleka kwenye ufuko mmoja usio na nyumba. Nikaona mahali pazuri pa tambarare, kati ya mchanga na vichaka, penye upepo. Babu akasema, "Mjukuu wangu, hapo usiweke. Hapo ni njia."

Nikatazama. Sikuona unyayo wa mtu wala tairi. Nikamuuliza, "Njia ya nani, babu?"

"Ina wenyewe," akajibu, akaenda zake kwenye mashua yake. Nami nikapigilia vigingi palepale. Nilijiambia kwamba mzee ana mazoea yake ya kizamani.

Kabla ya Alasiri ngedere walikuwa wameingia hemani na kutoka na mikate yote na nusu ya ndizi. Baba akaokota mawe. Mama akamzuia: "Baba Fulani, sisi ndio tuliowaandalia. Chakula tumekiacha wazi mlangoni mwao."

Usiku, mwezi ulipokwisha kutua, tuliamshwa na sauti ya kitu kizito kikiburuzwa mchangani na kuhema kama mtu mgonjwa. Mdogo wangu akapiga ukelele. Sote tukawasha tochi. Hatua nne kutoka mlangoni alikuwepo kasa mkubwa, mweusi kwa maji, akielekea kwetu. Mwanga ulipompiga usoni alisimama. Wadogo zangu walikuwa wakipiga kelele za hofu, kisha za furaha, na mimi badala ya kuwaambia wazime tochi nilikuwa natafuta simu nimpige picha. Yule kasa aligeuka polepole, akarudi baharini. Hakutaga.

Alfajiri babu alikuja, tukaswali pamoja. Baada ya nyuradi akaitazama ile michirizi, kama alama za trekta, ilivyopanda moja kwa moja hadi kwenye hema letu na kugeukia hapo. Hakunilaumu. Alisema tu, "Ana mimba huyu. Leo atajaribu tena, mkimpisha."

Ndugu zangu, niliona haya ambayo sijayasahau mpaka leo. Hadithi nilikuwa nayo kifuani. Mzee yule hakuisoma Sahih Muslim, lakini miguu yake iliijua. Mimi niliijua kwa ulimi tu.

Tulihamisha hema nyuma ya minazi. Tukafunga chakula, tukazima moto na tochi. Usiku wa pili alikuja kasa. Kama ni yuleyule, Allah ndiye ajuaye. Tulikaa mbali gizani, kimya, tukisikia mchanga ukirushwa. Kasa mmoja aweza kutaga mayai zaidi ya mia kwa usiku mmoja, na huchukua takribani miezi miwili kuanguliwa. Vifaranga hutoka usiku na kuifuata nuru ya upeo wa bahari; taa ya mwanadamu huwapoteza wakaelekea nchi kavu, wakafa. Aliporudi majini, babu alikata kuti akaifuta ile michirizi yote hadi ukingoni mwa maji, wasije watu wakaona mayai yalipo. Kisha akasema, "Haya, tukalale."

Sasa turudi kwenye hadithi. Imam Nawawi anapoisherehesha anaeleza kuwa wadudu, wenye sumu na wanyama wakali hupita njiani usiku kwa sababu ni rahisi kupita, na kwa sababu huokota vyakula vilivyoanguka. Basi ni kinga kwetu, tusidhuriwe. Lakini tazama namna Mtume (S.A.W.) alivyosema: njia ni ya wale wanyama. Aliwatambua kuwa nao wana njia, akatuamuru sisi tusogee. Na katika Surat Al-An'aam, aya ya 38, Mwenyezi Mungu anatujulisha kwamba wanyama watembeao ardhini na ndege warukao ni umma mfano wetu. Umma una safari zake, wazazi wake na watoto wake.

Abu Daud amepokea kwa Ibn Mas'ud (R.A.) kwamba maswahaba wakiwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akawa anapigapiga mbawa kwa huzuni. Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Katika safari hiyohiyo akaona kichuguu cha sisimizi kimechomwa moto. Akakataza, akabainisha kwamba kuadhibu kwa moto ni haki ya Mola wa moto peke yake.

Nawaombeni msimame hapo kwenye moto. Tarehe 5 Oktoba 2017, mwaka mmoja na ushee baada ya safari yetu, mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia, kusini ya Palma. Tarehe 24 Machi 2021 yakaifikia Palma yenyewe. Vijiji vilichomwa, watu walichinjwa, na waliofanya hayo walitaja jina la Allah. Babu na watu wake walikimbia. Akakaa miezi chini ya turubai wilayani Metuge, na safari hii hema halikuwa la matembezi.

Vijana waliobeba panga wapo waliohifadhi aya, kama mimi nilivyohifadhi hadithi. Dini iliyokataza kuchoma nyumba ya sisimizi, na ikamwamuru msafiri kupisha njia ya mdudu, itahalalishaje kuchoma nyumba ya mvuvi aswaliye? Msidhani kosa lao na langu havina uhusiano. Langu lilikuwa dogo, kasa mmoja kurudi baharini. Lakini mzizi ni mmoja: kubeba maandiko bila adabu, na kudhani kwamba kwa kuwa ninajua, basi mahali ni pangu.

Basi jumuiya yetu ikitoka matembezi, au wewe na familia yako, fika mapema mchana. Waulize wenyeji, na wakikwambia hapo ni njia, usibishane. Soma ile dua aliyoipokea Khaula bint Hakim (R.A.), ya kujikinga kwa maneno ya Allah yaliyotimia na shari ya alivyoviumba, kisha ufunge chakula na mlango wa hema. Kung'uta malazi kabla hujalala, na uzime moto, kwani zote hizo ni sunna. Na utakaporudi bwenini, jiulize ni njia ya nani umeiziba kwa elimu yako: mwenzako wa chumba, mfagiaji, mzee kijijini usiyemsikiliza kwa kuwa hakusoma.

Ewe Mola wetu, tujaalie elimu yenye manufaa, warudishe ndugu zetu wa Cabo Delgado majumbani mwao kwa amani, na usitufanye kizuizi katika njia ya kiumbe chako yeyote. Amin.

Wabillaahi tawfiq.