Chumo la Mpiga Filimbi

Twawaeleza wasomaji wetu kuwa katika darsa yetu ya baada ya Isha tumeletewa suala na kijana wa mji wetu aliyeko Athi River, katika Kaunti ya Machakos, kwenye lile eneo la viwanda liitwalo EPZ. Wengi wenu mna jamaa huko. Maeneo ya namna hiyo yalitengwa kwa sheria ya mwaka 1990, yawe ya viwanda vifanyavyo bidhaa za kuuzwa ng'ambo, na tangu mwaka 2000, Marekani ilipofungua soko lake kwa sheria iitwayo AGOA, vijana maelfu wamepata riziki yao huko kwa cherehani. Kijana wetu hushona mifuko ya suruali. Ni mifuko tu, kutwa kucha, wala suruali nzima haijapata kutoka mkononi mwake.

Jioni akisha sali hupuliza filimbi aliyoitoboa mwenyewe katika bomba la maji la plastiki, yenye tundu sita. Watoto wa majirani walikuja kusikiliza, kisha wakataka kufundishwa, na sasa wazazi wao humpa kitu kila mwezi. Tena wamemjia watu wa bendi ipigayo katika maarusi na mahoteli ya Nairobi, wakamwambia aache kiwanda afuatane nao. Atuuliza mambo mawili: hicho apewacho na wazazi ni halali? Na je, yajuzu aifanye filimbi ndiyo kazi yake ya kumlisha?

Twakiri kuwa jawabu la kwanza lililotoka darsani lilikuwa neno moja, "haramu", na aliyelitoa alikuwa ameshaanza kufunga kitabu. Lakini kitabu chenyewe kilikuwa Minhaj, nacho hakikumpa ruhusa ya kukifunga upesi hivyo. Imam Nawawi azitaja mle ala zilizo alama ya walevi, kama tanburi na udi na zumari la Kiiraki, kuwa ni haramu. Afikapo kwenye filimbi ya mwanzi, ile ya wachungaji, alipokea kwa Imam Rafii kauli ya kuwa si haramu, kisha yeye mwenyewe akamkhalifu na kusahihisha uharamu. Basi maimamu wawili wakubwa wa madhehebu yetu wamekhitalifiana juu ya hiyo hiyo filimbi, tena mahali pamoja. Na kabla yao Imam Ghazali katika Ihyaa alikwisha sema kuwa zumari za wanywaji zilikatazwa kwa sababu ya kileo zilichofuatana nacho, na kwamba filimbi ya mchungaji haiingii humo.

Wakatazao hutoa khabari ya Ibn Umar, aliyesikia filimbi ya mchungaji njiani akatia vidole masikioni, akaiacha njia, huku akimwuliza Nafii, "Wasikia?" hata alipoambiwa kuwa haisikiki tena ndipo alipovitoa, akasema kuwa alimwona Mtume (S.A.W.) akifanya vivyo hivyo. Waruhusuo husema: lau ingekuwa haramu asingalimwacha Nafii asikilize ili amjibu, wala asingalimwacha mchungaji bila ya kumkataza. Abu Dawud, aliyeipokea hadithi hii, mwenyewe ameitia ila. Nasi twaona ajabu kuwa makundi mawili yamesimama pande mbili kwa vidole vya mtu mmoja.

Hata neno lenyewe la mizmar lina pande mbili. Sayyidna Abu Bakr alilitumia kuwakemea wale wasichana wawili walioimba siku ya Idi nyumbani kwa Mtume, naye Mtume akamwambia awaache. Na Mtume huyo huyo aliposikia sauti ya Abu Musa katika kusoma Kurani, aliisifu kwa neno hilo hilo, akaifananisha na mizmar za jamaa ya Nabii Daud.

Kwa hiyo hatuwezi kumwambia kijana huyu kuwa jambo hili ni la ijmai, na hali si la ijmai. Amfuataye Nawawi ameshika nguzo ya madhehebu, na amfuataye Ghazali hatumwiti fasiki.

Lakini suala lake la pili ndilo zito, na hapa ndipo tulipokaa usiku tatu. Imam Shafii katika Umm hakubali ushahidi wa mtu aliyeifanya nyimbo kazi yake, akajulikana kwayo na watu wakamwendea kwa ajili yake. Ama aimbaye kidogo kwa nafsi yake hakumhukumia hivyo. Sauti ni ile ile. Kilichogeuza hukumu ni kazi. Kwa nini? Sisi twafahamu hivi: mshoni huuza nguo, wala haulizwi itavaliwa katika karamu gani. Mpigaji hujiuza mwenyewe awepo. Huenda aitwako, saa aitwayo, na huondoka wakishachoka waliomwita. Penye chupa mezani hawezi kujitetea kuwa yeye hanywi, maana filimbi yake ndiyo iliyowakalisha wanywaji. Kiwanda chanunua mikono ya kijana huyu tangu asubuhi hata jioni. Pumzi yake imebaki kuwa yake. Akenda na bendi, hiyo nayo ataiuza, na hatakuwa na khiyari ya kusema leo siipulizi.

Hapo mmoja wetu alisimama akatupinga, na maneno yake hatukuweza kuyapuuza. Alisema: mwawasifu watu wa kiwanda kana kwamba kiwanda ni msikiti. Kijana ana hesabu aliyowekewa ya mifuko, na Adhuhuri yake huingia msimamizi yu nyuma yake. Je, ashonaye mfuko asioujua utavaliwa na nani ana utu kuliko amfundishaye mtoto kupumua? Akatueleza ufundishaji huo, maana aujua. Mtoto hapewi wimbo kwanza. Hupewa sauti moja, aishike sawasawa isitetemeke, siku nyingi. Hufundishwa kuiweka midomo hata pumzi ikatike kwenye ukingo wa tundu. Akipuliza kwa nguvu, sauti yaruka juu na kumkimbia. Hujifunza kuwa nguvu si dawa. Sisi tuliosomea vyuoni twakumbuka mwalimu akiturejeza herufi moja hata itoke mahali pake. Atakayechukizwa na mfano huu na achukizwe. Sisi twauona kuwa wa kweli.

Tena yatazameni ya Unguja. Watu wa Ikhwani Safaa, chama kilichoasisiwa mwaka 1905, kwa desturi walikuwa na kazi zao mchana, na jioni wakakutana kwa udi na ganuni. Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti katika santuri, na akafa mwaka 1950, yeye aliishi kwa sauti yake. Na tangu mwaka 2002 kiko hapo chuo, Dhow Countries Music Academy, ambako mwalimu hulipwa kwa kufundisha muziki. Basi baina ya apigaye kwa kujifurahisha na apigaye kwa kuitwa yuko wa tatu, naye ni mwalimu, achaguaye mwanafunzi na saa na mahali.

Yatubakia neno juu yetu wenyewe. Mzee mmoja wa mtaa wetu alipiga nzumari katika maarusi ya watu wazima wa mji huu kwa muda mrefu. Mwanawe alipoposa, jawabu lilikuwa kwamba yeye ni mwana wa mpiga nzumari. Waliojibu hivyo ndio waliomlipa babake usiku wa arusi yao. Mafakihi wana kanuni kuwa kilicho haramu kukipokea ni haramu pia kukitoa. Sijui, enyi ndugu, ni nani kati yetu aliyeikumbuka alipofungua mfuko wake. Na Minhaj hiyo hiyo, itajapo kazi duni zimwondoleazo mtu muruwa, kama kuumika na kudabighi ngozi, yasema kuwa aliyeizoea nayo ni kazi ya babake haimtii ila, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Muruwa hupimwa kwa desturi, na desturi ndiyo sisi.

Tumemwandikia hivi. Kufundisha watoto tumeelekea kukuruhusu, kwa sharti uwaambie wazazi yaliyosemwa katika madhehebu, watoe wakijua. Bendi usiifuate. Kiwanda usikiache mpaka wanafunzi watoshe kukulisha, na mama yako ajue kabla ya mtu mwingine. Yule aliyesema "haramu" siku ya kwanza hakukubaliana nasi, akataka iandikwe kuwa hakukubali, nasi twaiandika. Barua ilipelekwa kwa basi la Alkhamisi.