Ngao ya Mwenye Nyumba

Ndugu mmoja mwenye vyumba sita vya kupangisha hapa Mugumu alinijia baada ya sala ya alasiri akaniuliza: "Maalim, mpangaji wangu aazimia kunishitaki. Nifanye nini nisipate kushitakiwa tena?" Mkononi alikuwa na karatasi aliyokwisha kuandikiwa, na ndani yake mlikuwa na sharti kwamba mpangaji hana haki ya kudai lo lote, paa lijapovuja, ukuta ujapoanguka.

Nikamwuliza chanzo cha ugomvi. Akasema mtu yule, mwalimu mgeni, amezuia kodi ya miezi miwili kwa hoja ya kwamba mvua ya masika yamwingilia kitandani. Naye mwenye nyumba akatia kufuli mlangoni, hali vyombo vya mtu na nguo za shule za watoto zimo ndani.

Basi suala lenyewe si la karatasi. Suala ni hili: je, yamjuzia mtu kutafuta ngao ya kujikinga na haki ya mwenziwe?

Kujikinga kwa maandiko si aibu. Qur'ani, katika Al-Baqara aya ya 282, yaamrisha deni la muda liandikwe na kushuhudiwa. Na si Mugumu tu. Tarime, Sirari na Nyamongo wapangaji wengi ni wageni wa machimbo na biashara ya mpakani, na maneno ya mdomo husahauliwa upesi. Mkataba uandikwe, na ulipiwe ushuru wa stempu, kwani hati isiyolipiwa haipokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru na faini vilipwe. Tena mke aulizwe: Sharia ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuipangisha nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenziwe. Ni wangapi kwetu waliolikumbuka hili kabla ya kupokea kodi ya mwaka mzima? Mimi sijaona wengi.

Walakini kuna maandiko ya kubainisha haki, na kuna ya kuifuta. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaj kwamba kukabidhi ufunguo ni juu ya mwenye nyumba, na matengenezo pia ni juu yake. Asipoharakisha kutengeneza, mpangaji ana khiyari ya kuvunja mkataba. Ametaja hata theluji ya juu ya paa, kwamba mwenye nyumba ndiye aiondoaye, jambo ambalo Mugumu halitatusumbua. Sharia ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo yamtwisha mwenye nyumba ya kukaa wajibu wa kuiweka katika hali ifaayo kwa makao, ijapokuwa mkataba haukulisema neno hilo.

Na kufuli je? Kabla yake mwalimu alikuwa mdeni. Baada yake amekuwa mdai. Kwani aliyezuiwa kukaa hawezi kudaiwa ujira wa siku alizozuiwa.

Akanijibu: "Maalim, kodi ile ndiyo chakula cha wanangu." Ni kweli, wala silidharau neno lake. Wenye vyumba wengi si matajiri. Ni wajane, na wastaafu waliotia kiinua mgongo chao katika matofali. Mpangaji akaaye bure pasipo udhuru ni mdhalimu. Lakini tangu mwaka 2005, ilipofutwa sharia ya mwaka 1984 ya kuzuia kodi zisipandishwe ovyo, masharti yameachiwa mapatano ya watu wawili, na mwenye ufunguo ndiye mwenye nguvu. Tena njia iko: Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 halihukumu bali hupatanisha, na likishindwa kwa siku 30, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Nikamkumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alifundisha ya kuwa yeye huhukumu kwa ayasikiayo, na mwenye kupewa haki ya nduguye kwa ufasaha wa hoja amepewa kipande cha moto. Mabaraza yetu yatawezaje kumtakasia mtu asichotakasiwa na Mtume?

Lile sharti alilikata kwa wino mbele yangu. Kufuli alilitoa siku ya tatu. Juu ya kodi ya miezi miwili hawajapatana. Shauri limo kwa wapatanishi wa Kata, na bati bado halijapigwa.