Je, Uhalali Huondoa Dhima?

Anaponaswa nguva katika jarife, husikika watu wakisema: "Hii ni riziki, cha bahari ni halali." Neno hili lina msingi, kwani Qur'ani imetuhalalishia mavuo ya bahari, na wanavyuoni wa madhhabi yetu ya Shafii wamelikunjua jambo hilo wala hawakulibana. Lakini twapenda kuuliza: je, kitu kuwa halali kuliwa kwatosha kumwondolea mtu dhima ya kukimaliza?

Kwanza na tumjue mnyama mwenyewe. Nguva si samaki. Huvuta hewa kama sisi, humnyonyesha mwanawe, na chakula chake ni nyasi zimeazo chini ya bahari. Jike huchukua mimba zaidi ya mwaka mmoja, huzaa mtoto mmoja tu, kisha hupita miaka mitatu hata saba kabla hajazaa tena. Akitatizwa na wavu hawezi kupanda juu kuvuta pumzi, basi hufa. Mwaka 2022 wataalamu wa kimataifa wa uhifadhi walikadiria kwamba nguva waliofikia umri wa kuzaa katika pwani ya Afrika Mashariki hawafiki 250, na kundi lao kubwa liko Bazaruto, Msumbiji. Kwetu Lamu na Kiunga kumwona mmoja sasa ni nadra.

Hapo ndipo hesabu igeukapo. Avuaye changu mmoja amechukua mmoja katika maelfu. Amuuaye nguva jike mmoja katika hawa wachache amekata kizazi. Kila mvuvi husema, "Wangu ni mmoja tu," na wote wasema kweli. Lakini kweli zao zikijumlishwa huwa maangamizo ambayo hapana hata mmoja aliyeyakusudia. Twajua kwamba amali hupimwa kwa nia. Naam, aliyenasa pasi na kujua hana lawama. Ama ajuaye malisho ya nguva, na kesho akatega jarife papo hapo, nia haimfai tena kuwa udhuru.

Wako wasemao: "Mungu akitaka wabaki, watabaki." Huku si kutawakali, bali ni uvivu uliovishwa kanzu ya imani. Mtume (s.a.w.) alimwambia mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Na Nabii Nuhu (a.s.) aliamrishwa kupakia jozi za wanyama katika safina, ilhali Mola ni muweza wa kuwaumba upya.

Wala si haki mzigo huu kumtwika mvuvi peke yake. Ana watoto, na jarife ndilo mtaji wake. Akiuacha mlango mmoja wa riziki kwa maslahi ya wote, wote wadaiwa naye: wenye mali wamsaidie kupata zana nyingine, na mnunuzi aikatae nyama hiyo, ambayo sheria ya nchi nayo yaikataza. Mtume (s.a.w.) alilihifadhi bonde la Naqii liwe malisho ya farasi wa Waislamu, basi kuyahifadhi malisho kwa maslahi ya umma si jambo geni katika dini.

Qur'ani yatufundisha kwamba wanyama ni umma mfano wetu. Umma huu wa nguva ukitoweka mikononi mwetu, nao utakuwa katika amana tutakazoulizwa kesho mbele ya Mola. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.