Uwezo wa Kitu Umo Wapi? Prosesa Zisizo na Feni na Swali la Kale la Falsafa

Prosesa ya kompyuta mpakato nyembamba isiyo na feni huwa na kasi mbili. Kasi ya msingi ndiyo ambayo mtengenezaji anaahidi kwamba itadumu kazi ikiendelea. Kasi ya kilele hufikiwa kwa muda mfupi, kisha huachwa joto linapopanda. Katika mashine nene yenye feni, kasi hizo mbili zinaweza kukaribiana. Katika mashine nyembamba, ya pili mara nyingi huizidi ya kwanza zaidi ya maradufu. Anayetaka kulinganisha prosesa mbili hulazimika kuamua ipi kati ya kasi hizo ndiyo uwezo wake wa kweli. Uamuzi huo unagusa swali ambalo wanafalsafa na wanatheolojia wamelijadili kwa zaidi ya miaka 2,300: je, uwezo ni kile ambacho kitu kingeweza kufanya, au ni kile kinachokifanya kweli? Na je, uwezo huo umo ndani ya kitu chenyewe?

Chanzo cha tofauti ya kasi ni joto. Karibu umeme wote unaoingia kwenye prosesa huishia kuwa joto, na pasipo feni joto hilo halina njia ya kutokea ila ganda la mashine. Ganda lenye urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 20 lina eneo la mita za mraba 0.06 kwa upande mmoja. Hewa tulivu pamoja na mnururisho huondoa takriban wati 10 katika kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ganda na hewa. Ganda likiwa na nyuzi 40 za Selsiasi, joto ambalo mkono bado unalistahimili, na chumba kikiwa na nyuzi 20, upande huo hutoa wati 12 hivi. Chumba kikiwa na nyuzi 32, kama ilivyo mchana wa Februari Dar es Salaam au Mombasa, upande huohuo hutoa takriban wati 5 tu. Ndiyo maana prosesa nyingi za aina hii hupangiwa bajeti ya wati 4.5 hadi 10 hivi, ilhali zile za kompyuta mpakato zenye feni hupangiwa wati 15, 28 au hata 45.

Kanuni nyingine hufanya kilele kiwe ghali zaidi. Nguvu inayotumika huongezeka kulingana na kasi, na pia kulingana na kipeo cha pili cha volteji. Kwa kuwa kasi kubwa hudai volteji kubwa, hatua za mwisho za kuelekea kileleni hugharimu joto jingi kwa faida ndogo. Kinyume chake, prosesa inayokubali kupunguza kasi kidogo huokoa joto jingi. Hapo ndipo penye siri ya mashine zisizo na feni.

Mfano ulio wazi ni prosesa mbili za Intel zilizotoka mwaka 2016. Core i5-7200U ilipangiwa wati 15, kasi ya msingi gigahezi 2.5 na kilele gigahezi 3.1. Core i5-7Y54, iliyolenga mashine zisizo na feni, ilipangiwa wati 4.5, kasi ya msingi gigahezi 1.2 na kilele gigahezi 3.2. Zote zina viini viwili. Kwa kilele, ile ndogo inaishinda kubwa. Kwa msingi, haifikii hata nusu yake. Zaidi ya hayo, zote mbili ziliitwa i5. Prosesa za mwaka uliotangulia za wati 4.5 zilikuwa na majina yao, m3, m5 na m7, lakini mwaka 2016 Intel ilizipa mbili za juu majina ya i5 na i7. Kwa hiyo mnunuzi wa mashine iliyotumika, anayetazama kibandiko peke yake, hawezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili iliyo mbele yake.

Swali la ipi kati ya kasi hizo ni uwezo wa kweli linaturudisha Ugiriki ya kale, ambako wanafalsafa wa mji wa Megara walidai kwamba kitu kina uwezo pale tu kinapotenda. Mjenzi asiyejenga hana uwezo wa kujenga. Aristotle, aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 kabla ya Kristo, alilijibu dai hilo katika kitabu cha tisa cha Metafizikia. Lingekuwa kweli, alisema, mjenzi angepoteza ufundi wake kila anapopumzika na kuupata upya ghafla anaporudi kazini, na mtu angekuwa kipofu mara nyingi kwa siku, kila anapoacha kutazama. Kwa Aristotle, uwezo waweza kuwepo pasipo tendo na hubaki hata tendo likikoma.

Mjadala wa namna hiyo ulizuka pia miongoni mwa wanatheolojia wa Kiislamu. Kundi la Mu'tazila lilishikilia kwamba mwanadamu hupewa uwezo kabla ya tendo, kwa kuwa halikuona haki mtu kuamrishwa asiloliweza. Abul-Hasan al-Ash'ari, wa karne ya 10, alifundisha kwamba uwezo wa mwanadamu huumbwa na Mungu pamoja na tendo lenyewe na wala haulitangulii. Jambo lililobishaniwa hapo ni zito kuliko mashine yoyote: wajibu wa mwanadamu na ukuu wa Muumba. Hata hivyo, umbo la swali ni lilelile.

Wanaolinganisha prosesa nao hugawanyika kwa mstari huo. Wapo wanaosoma karatasi ya sifa, wakihesabu viini, gigahezi na nanomita. Kwao uwezo upo hata mashine ikiwa imezimwa. Wapo wasioamini ila vipimo, yaani kazi halisi iliyofanywa kwa muda uliopimwa. Kila upande una sehemu ya ukweli, na kila upande ukiachwa peke yake hupotosha. Karatasi ya sifa huahidi kilele bila kutaja muda wake. Kipimo kimoja cha sekunde 30 huchukua tendo la kitambo na kulifanya hukumu ya kudumu.

Suluhu imo katika hoja nyingine ya Aristotle ndani ya kitabu hichohicho. Kila uwezo, anasema, ni uwezo wa kufanya jambo fulani, kwa wakati fulani, kwa namna fulani, na masharti mengine yote yanayohusika. Masharti hayo si nyongeza inayowekwa juu ya uwezo uliokwisha kamilika; ni sehemu ya maana yake. Prosesa ya Apple M1 ya mwaka 2020 inathibitisha jambo hilo. Prosesa hiyohiyo iliwekwa katika MacBook Air isiyo na feni na katika MacBook Pro ya inchi 13 yenye feni. Kwa kazi fupi, zinalingana. Kwa kazi nzito isiyokatizwa, baada ya dakika kadhaa Air hupunguza mwendo huku Pro ikiendelea.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba masharti ni yote na asili ya kitu si chochote. Mwaka 2015 Apple ilitoa MacBook ya inchi 12 isiyo na feni, yenye unene wa milimita 13.1, ikitumia Core M ya Intel ya viini viwili iliyotengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 14. M1 ilikuja na transista bilioni 16 za teknolojia ya nanomita 5, na viini nane: vinne vya kazi nzito na vinne vya kubana matumizi. Kutokuwa na feni hakukubadilika, lakini kazi iliyowezekana ndani ya mpaka huo iliongezeka mno. Intel N100 ya mwaka 2023 ilifuata njia nyingine. Ina viini vinne, vyote vya aina ya kubana matumizi, kwa wati 6, na hutumika katika mashine za bei nafuu. Haishindani na M1, wala haikukusudiwa kushindana nayo. Kwa maandishi, mtandao na video inatosha.

Kutosha huko kunaleta swali la mwisho: je, mpaka ni upungufu? Mwaka 1961 Rolf Landauer wa IBM alionyesha kwamba kufuta biti moja ya taarifa lazima kutoe kiasi fulani cha joto, hata mashine ingekuwa kamilifu. Prosesa za leo bado ziko mbali sana na kikomo hicho, lakini funzo lake ni la jumla: hakuna mashine iwezayo kufuta taarifa bila gharama. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alisema kwamba Mungu peke yake ni utendaji mtupu, asiye na uwezo unaongoja kutimizwa. Kila kisichokuwa Yeye kina uwezo wenye masharti. Kwa mtazamo huo, mpaka ni hali ya kila kilichoumbwa au kutengenezwa, na ubora hupimwa kwa jinsi kitu kinavyotimiza kusudi lake ndani ya mpaka wake.

Kutokana na hayo, ulinganisho wa haki wa prosesa hizi hutaja mambo manne. Kwanza, kazi: kuandika na kusoma, au kuhariri video. Pili, muda: sekunde chache, au nusu saa bila kupumzika. Tatu, ganda: prosesa imewekwa katika mashine ipi, na imepewa wati ngapi. Nne, mahali: chumba cha nyuzi 20 au cha nyuzi 32. Ulinganisho unaoliacha mojawapo huwa haujaupima uwezo. Kanuni hiyo haiishii kwenye mashine. Mwanafunzi, fundi au mfanyakazi anayepimwa kwa siku yake bora kuliko zote, au kwa siku yake mbaya, bila kuuliza alipewa kazi gani, muda gani, zana gani na mazingira gani, naye hajapimwa bado.