Manowari Isiyo na Watu

Mimi ni fundi mbao wa Katuba, hapa Lubumbashi. Riziki yangu hutoka kwenye milango, vitanda na mabenchi ya kanisa, lakini kazi ninayoipenda ni kuunda manowari ndogo za Kifaransa za enzi za matanga. Wapita njia hushangaa, maana bahari iko mbali mno na mji huu, na wazee wengi wa mtaa wetu wamezikwa bila kuiona. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni jingine: je, ni halali mbele za Mungu kukipamba kwa upendo chombo kilichoundwa kuua?

Nieleze kwanza ninachokipamba. Soleil Royal ilishushwa majini Brest mwaka 1669 kwa ajili ya Mfalme Louis wa 14, ikabeba mizinga zaidi ya 100. Jina lake lilikuwa jua, nembo ya mfalme, na mapambo ya tezi yake yanahusishwa na mchongaji Antoine Coysevox. Mwaka 1692 Waingereza waliiteketeza kule Cherbourg. Michoro kamili ya ujenzi wake haikubaki. Mfano unaoigwa zaidi na mafundi uliundwa Paris katika karne ya 19 na Jean-Baptiste Tanneron. Basi ninachonakili ni nakala ya kitu ambacho aliyekinakili kabla yangu naye hakukiona. Kilichosalia kwa hakika ni fahari.

Naanza na mkuku, kisha mataruma, kisha vibao vyembamba vya mulombwa nilivyoviloweka maji moto ili vikubali kupinda. Mizinga naitoa kwenye nyaya za umeme zilizokufa, shaba ya Katanga. Nikifika kwenye milingoti na kamba zake, hata bukari hupoa mezani.

Wapo ndugu wanaoniambia amri ya pili imekwisha kunihukumu. Siwakubalii. Kitabu kile kile cha Kutoka kinamtaja Bezaleli, aliyejazwa Roho wa Mungu ili achonge mbao na kufua dhahabu. Patasi haina dhambi. Kosa, kama lipo, litafutwe kwingine.

Nililiona siku mzee mmoja wa kanisa letu, mstaafu wa kampuni ya madini ya Gécamines, alipoinama juu ya manowari yangu, akachungulia kila tundu la mzinga, akauliza: “Fundi, batu beko wapi mu hii mashua?”

Hawakuwamo. Katika mifano hii kila kitu huwamo, hadi nanga na taa, isipokuwa watu. Soleil Royal ilijaa mamia ya mabaharia. Colbert, waziri wa mfalme, alikuwa ameamuru watu wa pwani waandikishwe ili walitumikie jeshi la majini kwa zamu, wapende wasipende. Mfalme huyohuyo mwaka 1685 alitia sahihi Code Noir, sheria ya watumwa wa makoloni yake. Nasi wa upande huu hatukusalimika: mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa, pwani ya Afrika Mashariki, apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya kisiwa ambacho leo ni Morisi. Kisiwa hicho sasa kinasifika kwa mafundi wa meli ndogo za mbao, manowari za Ufaransa zikiwemo. Watalii huzinunua na kuziweka sebuleni. Zimeng'arishwa, na ndani ni tupu.

Sisi Wakatanga tungepaswa kuutambua utupu huo upesi kuliko wengine. Urani ya Shinkolobwe, katika mkoa wetu huu, iliingia katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Majina ya wanasayansi yanafundishwa shuleni. Ya waliolichimba jiwe lile sijawahi kuyasikia. Wao hawakujua jiwe linakwenda kufanya nini, na sidhani Mungu atawadai. Mimi najua manowari ilifanya nini, kwa hiyo siwezi kujificha nyuma yao.

Sanamu ya kuabudiwa, kwa jinsi ninavyoielewa sasa, ni fahari yoyote iliyoondolewa watu walioilipia. Inaweza kuwa ya dhahabu, ya mulombwa, au hotuba tu.

Lakini kuwarudisha watu si jambo jepesi. Mwaka 1789 Mwingereza mpinga utumwa Thomas Clarkson alimwonyesha mwanasiasa Mirabeau, jijini Paris, mchoro wa meli ya watumwa ya Brooks, na Mirabeau akaagiza fundi amtengenezee mfano wake wa mbao, wenye wanaume na wanawake wadogo waliopakwa rangi nyeusi na kupangwa ndani. Aliuweka katika chumba chake cha kulia. Nguvu ya kitu kile naiona. Hatari yake naiona pia. Mateso yakikaa karibu na sahani siku nyingi, jicho huyazoea, yakawa pambo.

Hata hivyo mji wetu umeshalijibu shaka hilo kwa namna yake. Katika miaka ya 1970 watu wa Lubumbashi walitundika sebuleni picha za Tshibumba Kanda Matulu na wachoraji wenzake: mfungwa anachapwa viboko, bendera ya Ubelgiji juu, askari pembeni. Hawakuzinunua kwa kufurahia viboko. Walitaka mgeni aulize na mwenye nyumba asimulie. Picha iliyotundikwa na wanaoweza kuisimulia haigeuki pambo kirahisi.

Tangu swali la mzee yule, sitaha ya manowari zangu inafunguka. Ndani nimepanga watu wa mbao wasiozidi punje ya mahindi, wamebanana kati ya mizinga, kila mmoja na sura yake. Ni kazi ndefu kuliko milingoti yote. Mteja mmoja aliniomba nimtolee hao watu, akadhani bei itashuka. Nilimjibu kwamba bei haishuki na watu hawatoki. Akitaka meli tupu, wapo mafundi wengi wa kumwuzia.